Kawia Ufike



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mtoto anayekawia. Ni yule ambaye wenzake wamekwisha kutembea, naye angali akitambaa. Wenzake wamekwisha kusoma kitabu, naye angali akihangaika na herufi. Wenzake wamevuka darasa, naye amebaki. Katika kila kijiji cha Singida mtoto huyo yupo, na pengine yupo katika nyumba yako wewe unayesikiliza. Swali letu ni hili: tumfanyeje?

Wazee wetu walituachia neno fupi: Kawia ufike. Watu wengi hulitumia neno hili bila kulifikiri. Mvivu hulitumia kujitetea, na mzazi aliyechoka hulitumia kujifariji. Lakini tazameni vema, neno hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yasema mtu aweza kukawia, wala si aibu. Sehemu ya pili yasema ni lazima afike. Sehemu ya kwanza ni ruhusa ya mtoto. Sehemu ya pili ni kazi yetu sisi watu wazima.

Sisi watu wa Singida ni wakulima wa nchi kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, nayo ikikatika imekatika. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuzijua mbegu zetu. Twajua kwamba uwele huwahi kutoa masuke, na kwamba mtama mrefu wa kienyeji hukawia. Hatujapata kumwona mkulima mwenye akili aking'oa mtama wake kwa sababu uwele wa jirani umekwisha kuzaa. Anajua kila mbegu ina siku zake. Lakini pia hatujapata kumwona mkulima akisema, "Mtama wangu ni wa kukawia," kisha akaketi chini ya mti asipalilie wala asifukuze ndege. Anangoja huku jembe likiwa mkononi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, mwenye busara nyingi shambani, akirudi nyumbani husahau busara yake. Humwambia mtoto, "Mtazame mwana wa fulani, yeye amekuwa wa kwanza, wewe una nini?" Au hunyamaza tu, akamwacha mtoto peke yake kama shamba lililotupwa. Yote mawili ni makosa.

Na tuanze na jambo la kutembea, maana kila mzazi amelishuhudia. Shirika la Afya Duniani liliwachunguza watoto wa nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao wote walikuwa wenye afya na waliolelewa vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba mtoto mmoja aweza kutembea peke yake akiwa na miezi 8 tu, na mwingine asitembee mpaka amekaribia miezi 18, na wote wawili ni wazima. Tena wako wachache ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, wakasimama na kutembea. Sasa, ndugu msikilizaji, siku ya mnada simama kando ya njia uwatazame watu wanaopita. Waweza kutuonyesha ni nani aliyetangulia kutembea na ni nani aliyekawia? Huwezi. Jambo lililowasumbua mama zao miezi mingi limekwisha, wala halikuacha alama.

Shuleni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huko watoto hupangwa kwa madarasa na kuhesabiwa kwa nafasi. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja mwezi wa Januari na mwingine mwezi wa Desemba, huingia darasa moja siku moja. Kwa mtu wa miaka 40 miezi 11 si kitu. Kwa mtoto wa miaka 6 ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya maisha yake yote. Tena wako watoto ambao nyumbani husema Kinyaturu, au Kinyiramba, au Kibarabaigi, nao hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza mlangoni pa shule. Mwenzake hujifunza jambo moja, yaani herufi. Yeye hujifunza mambo mawili pamoja, lugha na herufi zake. Kisha mwisho wa mwaka wote wawili huwekwa katika mzani mmoja, na yule mwenye mzigo wa watu wawili huambiwa kwamba ni mzito.

Hapa yatupasa tuungame kosa letu wenyewe. Tulipokuwa waalimu vijana, kabla ya kuja chuoni kuwafundisha waalimu, tulipewa darasa la kwanza katika shule moja ya kijijini. Sisi twatoka upande wa Iramba, na Kinyaturu cha kijiji kile tulikuwa tukikisikia kidogo tu. Darasani alikuwamo mvulana wa miaka 10 hivi. Alikuwa amekawia kuletwa shuleni kwa sababu ya kuchunga mbuzi wa baba yake. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, hata magoti yake hayakuenea chini ya dawati. Kila tulipomwuliza neno alitazama chini. Miezi ya kwanza tulimvumilia. Baadaye tukamweka nyuma kabisa, asije akawakawiza wengine. Mwisho wa mwaka tukaandika katika ripoti yake maneno mawili: "Mzito. Hafundishiki."

Baada ya siku chache baba yake akaja shuleni. Ile ripoti alikuwa ameikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa nailoni isije ikalowa. Hakuja kutugombeza. Alitusalimu kwa heshima, akasema, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nimesomewa na mtoto wa jirani. Nimekuja kukushukuru kwa kuniambia kweli mapema. Kijana nitamrudisha machungani, maana mwalimu ndiye ajuaye."

Twawaambieni kweli, ndugu zetu: angalitutukana, tungalipata nafuu. Maana sisi hatukujua. Tulikuwa tumeandika tu. Tukamwomba tukisema, "Mzee wetu, tupe siku chache. Tungependa kwanza kuja nyumbani kwako." Akakubali.

Tulikwenda jioni, saa ya mbuzi kurudi. Kijana alisimama mlangoni pa zizi, na mbuzi wakapita mbele yake wakisukumana, wapata sitini. Hakuwahesabu kwa kidole wala kwa mdomo. Wa mwisho alipokwisha kuingia, akamwambia baba yake neno kwa Kinyaturu, kisha akakimbia kurudi porini. Baba akatueleza, "Asema wawili hawapo, yule mwenye baka jeupe shingoni na mwanawe." Giza lilipokuwa likiingia kijana akarudi, mama mbuzi mbele, mwana amembeba mabegani.

Tulisimama pale na aibu yetu. Mtoto huyu aliweza kuwajua mbuzi sitini mmoja mmoja, rangi yake, mama yake na tabia yake, na kwa kutazama mara moja akajua nani amekosekana. Sisi darasani tulikuwa na watoto wapungufu kuliko hao, na huyu mmoja tulikuwa hatujamjua. Kumbe kilichokuwa kizito hakikuwa kichwa chake. Kilikuwa Kiswahili chetu, ambacho hakuna mtu aliyempa muda wa kukisikia kabla ya kumtaka akisome.

Mzee yule alikubali kumpa kijana mwaka mwingine, na kazi ya kuchunga ikagawanywa kati yake na ndugu zake. Tukamrudisha mbele. Tukamketisha pamoja na mtoto aliyejua lugha zote mbili. Maneno ya kwanza tuliyomwandikia ubaoni yalikuwa majina ya mbuzi wake. Hatukumshindanisha na mtu. Kila Ijumaa tulimwuliza swali moja tu: "Wajua nini leo usichokijua Ijumaa iliyopita?" Mwaka ule hakuweza kusoma. Watu walitucheka, na siku nyingine sisi wenyewe tulikuwa na shaka. Mwaka wa tatu, mwezi wa Juni, alisimama akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na darasa lote likanyamaza kumsikiliza.

Msidhani tutawaambia kwamba amekuwa daktari au mbunge. La. Leo ni mtu mzima, baba wa mtoto mmoja, na katika chama cha wakulima wa alizeti kijijini kwao ndiye ashikaye daftari la mizani. Wakulima humwamini, maana tangu alishike daftari lile haujapotea mfuko hata mmoja. Mtu huyo tulikuwa karibu kumzuia kwa maneno mawili tuliyoyaandika haraka siku ya kufunga shule.

Basi, hadithi hii ina mafundisho mawili, na twaomba msichukue moja mkaacha la pili. La kwanza ni kwamba mtoto apewe muda. La pili ni kwamba muda peke yake hautoshi. Kama tungalimwacha kijana yule nyuma ya darasa kwa miaka mitatu mingine, tukisema "atafika tu," asingalifika. Kungoja si kuacha. Anayengoja hutazama, huuliza, na hutafuta ni kitu gani kinachomzuia mtoto.

Vizuizi ni vingi, na vingine twaweza kuviondoa sisi wenyewe. Mtoto anayekaribisha daftari puani au kukunja uso akitazama ubao, pengine macho yake hayaoni vizuri. Mtoto aitwaye mara tatu asiitike, au mwenye sikio litokalo usaha, pengine hasikii. Wangapi wamepigwa kwa ukaidi, na kumbe walikuwa hawajasikia! Mtoto asinziaye saa nne pengine ametoka nyumbani alfajiri bila kula, akaenda mwendo mrefu. Huyo hahitaji kukemewa, ahitaji uji. Na mtoto ambaye amefika miezi 18 bila kutembea, au asiyeshtuka kwa sauti, au aliyekuwa amekwisha kusema kisha akaacha, huyo usimngojee. Mpeleke kliniki mapema, waganga wamtazame. Tena yuko mtoto ambaye hata akisaidiwa kwa kila njia hatafika walikofika wenzake. Huyo naye ana kufika kwake. Akijifunza kuvaa nguo, kuchota maji, kusalimu wageni na kuwa na rafiki, amefika, na asitiriwe kwa heshima wala asifichwe ndani ya nyumba.

Wako wengine ambao hawakukawia kuelewa; walikawia kuanza tu. Kwao twaweza kumtaja mtu mnayemjua nyote. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Hakuingia shule mpaka mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi, alipopelekwa Mwisenge huko Musoma. Mpaka hapo alikuwa mtoto wa kijijini anayesema Kizanaki. Mwaka 1937 aliingia shule ya Tabora. Mwaka 1943 akaenda Makerere. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akapata shahada yake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wake. Kama mtu angalisema mwaka 1934, "Huyu amekwisha kuwa mkubwa, shule imempita," tungalipoteza nini? Wala hatusemi kila anayeanza akiwa na miaka 12 atakuwa kiongozi wa nchi. Twasema hakuna mtu awezaye kuujua mwisho wa safari kwa kutazama saa ya kuondoka.

Nchi yetu nayo imejifunza jambo hili kidogo kidogo. Mpango wa MEMKWA uliwafungulia mlango watoto waliopita umri wa kuanza shule, wakasoma bila kuona haya ya kuketi na wadogo zao. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo, hata msichana aliyepata mimba, aweza kurudi shuleni. Na mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Hayo ni mema. Lakini mlango ukifunguliwa na Serikali waweza kufungwa tena na neno moja la nyumbani. Msichana aliyepewa ruhusa ya kurudi, akikuta baba yake asema, "Wewe umekwisha kuharibika," ruhusa ile itamsaidia nini?

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, twawaomba mambo machache. Msimlinganishe mtoto na mwenzake; mlinganisheni na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Ripoti ikija, msitazame nafasi yake peke yake. Mwulizeni mtoto ni somo gani limekuwa rahisi kuliko zamani. Kazi za nyumbani ni njema, nazo humfundisha mtoto mengi, kama tulivyoona zizini. Lakini zigawanyeni, ili mmoja asibebe zote na shule ikamshinda. Na maneno kama "mjinga" na "hana kichwa" yatoeni katika nyumba zenu, maana mtoto huyaamini kabla hajajua kuyapima.

Waalimu wenzetu, sisi tunayo kalamu, na kalamu yetu huaminiwa hata na mtu asiyejua kusoma. Kabla ya kuandika "hafundishiki," tujiulize kwanza kama tumefundisha. Kabla ya kumweka mtoto nyuma, twende kwao jioni moja. Vijana wanaosomea ualimu chuoni kwetu huwa twawapa kazi hii: waende nyumbani kwa mwanafunzi aliye wa mwisho darasani, warudi na jambo moja analolijua vizuri kuliko wao. Hajapata kurudi hata mmoja mikono mitupu.

Nanyi wanafunzi, hasa wewe uliye wa mwisho darasani na unayesikiliza leo, twataka kukuambia habari za mtu wa kwetu. Alphonce Simbu alizaliwa mkoa huu wa Singida mwaka 1992. Yeye ni mkimbiaji wa mbio ndefu za marathoni, kilomita 42 na mita 195. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. Mwaka 2017 katika mashindano ya dunia, London, alikuwa wa tatu akapata medali ya shaba. Miaka ikapita. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alikuwa wa 17. Wengi wangaliweza kusema kwamba wakati wake umekwisha. Tarehe 15 Septemba 2025, akiwa na miaka 33, alikimbia katika mashindano ya dunia mjini Tokyo. Hatua za mwisho uwanjani Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake. Simbu akamfuata, akamfikia, na wote wawili wakavuka mstari kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ili ajulikane mshindi, nayo ikaonyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ikawa mara ya kwanza Mtanzania kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo ya riadha ya dunia.

Sikiliza vema, mwanafunzi. Katika mbio ndefu hakuna atolewaye kwa sababu hakuongoza kilomita ya kwanza. Lakini pia hakuna aliyeshinda kwa kuketi kando ya njia. Simbu hakuacha kukimbia alipokuwa wa 17. Nawe usiache. Uliza usipoelewa, hata mara ya nne. Soma ukurasa mmoja kila siku. Usione haya kusoma na walio wadogo kuliko wewe. Haya hupita, elimu hubaki.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha. Usiku wa leo, watoto wakiisha kula, mtazameni yule anayekawia. Msimwambie habari za mwana wa jirani. Mwulizeni tu, "Mwanangu, leo umejua nini usichokijua jana?" Kisha nyamazeni, mngoje jibu lake, hata likikawia.

Kwaherini.